Kutoka Pemba Hadi Kigoma: Maili Ngapi, na Saa Ngapi?

Muhula huu mhariri ameniomba niandike somo la Jiografia litakalowafaa wenzangu wa Kidato cha Nne kwa mtihani, na ambalo mzee aliyeko nyumbani naye aweza kulisoma bila ya kuchoka. Nimechagua somo la umbali wa safari za ndege na muda wake. Mfano wangu ni safari ya baina ya kiwanja cha ndege cha Pemba na kiwanja cha Kigoma. Mfano huu sikuuokota njiani, na sababu yake yafaa niieleze kwanza.

Muhula uliopita bibi yangu, mama yake mama, alifariki dunia nyumbani kwetu Wete, saa 10 za usiku wa kuamkia Alhamisi. Mimi niliitwa ofisini kabla ya chai ya asubuhi, nikapewa ruhusa ya siku tatu kutoka dakhalia. Mjomba wangu, ambaye ni mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu, anasomesha Kigoma. Alipigiwa simu saa 11 alfajiri. Wazee walimngoja mpaka Alasiri, kisha maiti ikasaliwa na kuzikwa, kwani haifai kumweka maiti bila ya sababu kubwa. Mjomba alifika siku ya Ijumaa saa 5 asubuhi. Alilolikuta ni kaburi.

Siku ya hitma nilikuwa nikigawa maji barazani, nikasikia maneno. Mmoja katika wazee alisema, "Siku hizi ndege zipo. Kigoma na hapa ni saa mbili tu. Mtu akitaka kumzika mama yake hufika." Wengine waliitikia kwa vichwa. Mjomba aliyasikia, hakujibu, na siku ya pili akarudi Kigoma na uchungu wake. Mama alilia mara mbili, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya ndugu yake.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Jiografia kama ni kweli kwamba safari hiyo ni saa mbili. Alinijibu, "Ramani unayo, na hesabu umefundishwa. Piga mwenyewe, kisha uniletee." Hii ndiyo asili ya somo hili.

1. VIWANJA VIKO WAPI?

Kila mahali duniani hutajwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza ni latitudo, yaani mahali hapo ni umbali gani kaskazini au kusini ya Ikweta. Ya pili ni longitudo, yaani ni umbali gani mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Namba hizi huhesabiwa kwa nyuzi, na kila uzi mmoja hugawanywa katika dakika 60. Tafadhali msomaji usichanganye dakika hizi na dakika za saa ya mkononi. Hizi ni dakika za pembe. Viwanja tutakavyovihitaji ni hivi:

Pemba (karibu na Chake Chake): 5°15′ Kusini, 39°49′ Mashariki.
Kigoma: 4°53′ Kusini, 29°40′ Mashariki.
Tabora: 5°05′ Kusini, 32°50′ Mashariki.
Dar es Salaam: 6°53′ Kusini, 39°12′ Mashariki.
Unguja: 6°13′ Kusini, 39°13′ Mashariki.

Zitazame vizuri namba za Pemba na Kigoma. Wengi wetu tukiulizwa Kigoma iko wapi husema "bara huko, mbali," tukanyoosha mkono popote. Kumbe Kigoma iko magharibi yetu sawasawa, na imepanda kaskazini kidogo tu, dakika 22. Lau mtu angeondoka Chake Chake akashika njia ya magharibi bila ya kugeuka kulia wala kushoto, angevuka mkondo wa Pemba na kutua pwani ya bara katikati ya Tanga na Pangani. Angeendelea na nyika, akapita kusini kidogo ya Tabora, na mwisho angetokea kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilometa 40 kusini ya Kigoma. Pemba iko ufukwe wa mashariki wa nchi yetu na Kigoma iko ufukwe wa magharibi, na zote mbili zimekaa karibu katika mstari mmoja. Kwa mwanafunzi hii ni bahati njema, maana hesabu yake huwa nyepesi.

Hapa pana jambo la kujihadhari nalo. Ndugu yangu mkubwa alitafuta umbali huu katika simu yake, akaniletea jibu la kilometa 1,490 na kitu. Jibu langu, kama mtakavyoona, lilikuwa dogo zaidi kwa kilometa mia tatu na sitini na ushei. Tulibishana sana mpaka tukaona kosa lilipo. Simu ilikuwa imeshika Pemba nyingine, mji wa pwani wa kaskazini ya Msumbiji, ambao zamani za Wareno uliitwa Porto Amélia na baada ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1975 ukaitwa Pemba. Mji huo nao una kiwanja cha ndege, na uko kilometa 863 kusini yetu. Mashirika ya ndege huvitofautisha viwanja hivi kwa herufi tatu: chetu ni PMA na chao ni POL. Basi mwenye kutafuta habari za safari, au mwenye kupeleka mzigo, azitazame herufi hizo kwanza.

2. KUPIGA HESABU YA MAILI

Mabaharia na marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Urefu huu una maana yake: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo mtu akienda kaskazini au kusini kwa dakika 22, amekwenda maili 22. Hapana hesabu nyepesi kuliko hiyo.

Kwa longitudo mambo ni mengine kidogo. Mistari ya longitudo imeachana sana kwenye Ikweta, na hukaribiana kadiri inavyokwenda kwenye ncha za dunia, mfano wa pande za chungwa lililomenywa. Kwenye Ikweta dakika moja ya longitudo ni kama maili moja. London, ambako latitudo ni nyuzi 51 na nusu, dakika hiyo hiyo ni kiasi cha maili 0.62 tu. Namba ya kuzidishia ni kosaini ya latitudo. Sisi tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo hasara yetu ni ndogo mno.

Hatua ya kwanza. Tafuta tofauti ya longitudo: 39°49′ toa 29°40′ ni 10°09′. Zigeuze kuwa dakika: 10 mara 60, ongeza 9, ni dakika 609.

Hatua ya pili. Tafuta latitudo ya katikati. Baina ya 5°15′ na 4°53′ katikati ni 5°04′, na kosaini yake ni 0.9961. Zidisha 609 kwa 0.9961, utapata maili 606.6. Hizi ndizo maili za kwenda magharibi.

Hatua ya tatu. Tofauti ya latitudo ni dakika 22, yaani maili 22 za kwenda kaskazini.

Hatua ya nne. Sasa tuna pembetatu yenye pembe ya mraba. Upande mmoja ni 606.6, wa pili ni 22, na tunautaka upande wa tatu, ulio mrefu. Kwa kanuni ya Pithagorasi, kipeo cha pili cha 606.6 ni 367,964, na cha 22 ni 484. Jumla ni 368,448, na kipeo chake ni 607.

Jibu: Pemba mpaka Kigoma ni maili 607 za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilometa 1,124. Kwa maili za barabarani ni 699.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza, "Dunia ni duara, na Pithagorasi ni wa karatasi bapa. Hesabu yako itasimamaje?" Swali lake ni zuri. Katika safari ndefu za mbali na Ikweta, kama vile kutoka London kwenda Tokyo, njia hii ingetupoteza kabisa, na ndege hufuata njia inayopinda juu ya ramani ingawa ndiyo fupi kwenye tufe. Lakini kwa safari yetu nimepiga hesabu kwa kanuni ya tufe pia, na tofauti haifiki hata maili moja.

3. JUA NALO LINA SAFARI YAKE

Kabla hatujaiacha longitudo, natoa faida moja. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake uzi mmoja kwa dakika 4 za saa. Pemba na Kigoma zimeachana kwa nyuzi 10 na dakika 9. Zidisha kwa 4, utapata dakika 40 na nusu au zaidi kidogo. Ndiyo kusema jua likizama Pemba, watu wa Kigoma wamebakiwa na dakika 40 nzima za kuliona. Tena kwa kuwa latitudo zetu zinakaribiana, tofauti hii haibadiliki sana mwaka mzima.

Saa za ukutani hazionyeshi jambo hili, kwa sababu Tanzania nzima inatumia saa moja, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu. Lakini mwenye kufunga Ramadhani hulijua. Mjomba akipiga simu nyumbani jioni, sisi tumekwisha kunywa uji na kula tende, naye yungali akitazama ziwani jua halijatua. Wadogo zangu walikuwa wakidhani anafanya mzaha.

4. MUDA WA KUWA ANGANI

Sasa twende kwenye saa. Kanuni ni ile ya darasa la chini: muda ni umbali uliogawanywa kwa mwendo. Shida ni kujua mwendo upi. Nimechukua ndege za aina mbili.

Ya kwanza ni ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan, ambayo wengi wetu tumeiona ikitua kiwanjani kwetu. Mwendo wake tuufanye maili 170 za baharini kwa saa. Gawa 607 kwa 170, utapata saa 3 na dakika 34.

Ya pili ni ndege kubwa zaidi ya mapangaboi mawili, aina ya Dash 8 Q400. Mwendo wake ikishatulia juu ni kiasi cha maili 360 kwa saa. Gawa 607 kwa 360, utapata saa 1 na dakika 41.

Lakini ndege haianzi safari kwa mwendo wake wote. Huanza kwa kwenda taratibu mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, hupanda kwa mwendo mdogo, na ikikaribia kutua hupunguza tena. Kwa hayo nimeongeza dakika 20 kwa kila mruko wa ndege kubwa na dakika 10 kwa ndege ndogo. Kwa hiyo ndege kubwa, lau ingeruka moja kwa moja kutoka Kigoma mpaka Pemba, ingechukua saa 2 na dakika 1.

Hapo niliweka kalamu chini. Mzee wa barazani alisema saa mbili, na hesabu yangu imeleta saa mbili! Kwa muda wa siku nzima nilidhani kwamba mjomba kweli ana makosa, na nikaona haya kwenda kwa mwalimu.

5. UPEPO

Mwalimu alipoiona hesabu aliniuliza, "Na upepo umeuweka wapi?" Nilikuwa sikuuweka. Sisi watu wa kisiwani twazijua pepo zetu: kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na kusi hutoka kusini-mashariki. Zote mbili, ingawa ni wapinzani, zina sehemu ya kutoka mashariki. Kwa hiyo ndege inayokwenda Kigoma mara nyingi husukumwa, na inayorudi Pemba husukumana nao. Lakini huko juu pepo hubadilika, na rubani hupewa habari za hewa kila safari kabla ya kuruka.

Tuseme upepo ni maili 20 kwa saa. Ndege kubwa itakwenda kwa mwendo wa maili 380 na kurudi kwa 340. Kwenda ni saa 1 na dakika 36, na kurudi ni saa 1 na dakika 47. Tofauti ni dakika 11 tu. Ndege ndogo itakwenda kwa maili 190 na kurudi kwa 150: kwenda saa 3 na dakika 12, kurudi saa 4 na dakika 3. Hapo mtu huiona tofauti.

Wengi hudhani kwamba upepo unaokusaidia wakati wa kwenda hulipa deni lake wakati wa kurudi, mambo yakawa sawa. Sivyo. Kwenda na kurudi bila ya upepo, ndege ndogo hutumia jumla ya saa 7 na dakika 8. Pamoja na upepo hutumia karibu saa 7 na dakika 15. Sababu ni kwamba unaposukumana na upepo unakawia njiani, kwa hiyo unakuzuia kwa muda mrefu kuliko ule uliokusaidia. Nahodha wa jahazi hahitaji kuelezwa jambo hili.

Lakini upepo haukunitatulia swali langu. Dakika kumi na moja hazimfanyi mtu akose maziko ya mama yake.

6. SAFARI KAMA ILIVYOKUWA

Siku ya wazazi kuja kututazama dakhalia, nilimwomba mama amwulize mjomba saa zake moja moja, tangu alipopata habari mpaka alipofika mlangoni. Mama alimpigia simu, na mimi nikaandika. Muda wa kuwa angani nimeupiga mwenyewe kwa namna niliyokwisha kuieleza.

Alhamisi saa 11 alfajiri alipata habari. Hakuna ndege inayotoka Kigoma ikaja Pemba moja kwa moja, kwa hiyo hakuwa na njia ila ya Dar es Salaam. Alitafuta nauli, alitafuta nafasi, akaipata katika ndege ya saa 7 mchana. Hizo ni saa 8 za kungoja.

Ndege ilipitia Tabora. Kigoma mpaka Tabora ni maili 190, dakika 52. Ilikaa chini dakika 30. Tabora mpaka Dar es Salaam ni maili 395, saa 1 na dakika 26. Ilitua saa 9 na dakika 48. Wakati magurudumu yake yanagusa ardhi ya Dar es Salaam, sisi huku tulikuwa tumejipanga safu kumsalia marehemu.

Ndege ndogo ya mwisho ya kuja kwetu siku ile ilikwisha kuondoka. Mjomba alilala kwa jamaa, au tuseme alikesha. Aliruka siku ya pili saa 2 na nusu asubuhi. Hapo alikuwa amengoja saa 16 na dakika 42.

Dar es Salaam mpaka Unguja ni maili 40, dakika 24. Pale ilikaa dakika 27, ikishusha watu na kupakia. Unguja mpaka Pemba ni maili 68, dakika 34. Alitua saa 4 kasoro dakika 5. Kuchukua mkoba, kupata gari na kufika Wete, mpaka saa 5.

Sasa tujumlishe. Kutoka simu mpaka mlangoni ni saa 30 kamili. Katika hizo, muda wa kuwa angani ni dakika 52, na 86, na 24, na 34, jumla dakika 196, yaani saa 3 na dakika 16. Zilizobaki, saa 26 na dakika 44, mjomba alikuwa juu ya ardhi, akingoja au akitafuta njia.

Labda mtu atasema ni kwa sababu njia ilikuwa ya kuzunguka. Tuipime nayo. Alisafiri angani maili 190, na 395, na 40, na 68, jumla maili 693. Njia iliyonyooka ni 607. Alizidisha maili 86, na kwa ndege kubwa hizo ni dakika 14 tu. Kupitia Tabora peke yake hakukuongeza ila maili 4, maana Tabora iko karibu na mstari wenyewe: moja kwa moja kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni maili 581, na kwa Tabora ni 585. Kwa hiyo si maili zilizomchelewesha.

Gawa maili 607 kwa saa 30. Mjomba alisafiri kwa mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa, yaani kilometa 37. Huo ni mwendo wa gari ya abiria katika barabara mbovu, na mtu yumo ndani ya ndege ya maili 360!

Waliosema "saa mbili" hawakukosea hesabu ya angani. Walilokosea ni kudhani kwamba muda wa angani ndio safari yote. Lau ingekuwapo ndege ya kuruka Kigoma saa 1 asubuhi ikaja moja kwa moja, mjomba angetua Pemba saa 3, akafika Wete saa 4, na akamzika mamaye pamoja na wengine. Ndege hiyo haipo. Abiria wa baina ya miji miwili midogo iliyo mbali hupitishwa mji mkubwa, na mji mkubwa una saa zake.

7. ZAMANI WALIHESABUJE?

Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, nao hawakufika Ujiji, ambayo ni jirani ya Kigoma, mpaka Februari 1858. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ile ya miezi iligeuka kuwa ya siku, juu ya njia ya kiasi cha kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Njia hiyo si ndefu sana kuliko ya ndege, ambayo ni kilometa 1,077.

Lakini nimeona jambo moja. Wazee wa misafara walikuwa hawahesabu maili. Walihesabu vituo, na siku za kukaa katika kila kituo wakingoja wapagazi, chakula au ruhusa ya kupita. Aliyeulizwa "Ujiji ni mbali gani?" alijibu kwa miezi, na ndani ya miezi hiyo kungoja kumo. Sisi wa leo twahesabu mwendo wa chombo tu, vituo tukavisahau. Kwa hesabu ya kizamani, baina ya Kigoma na Pemba ni siku moja na robo.

8. MANENO YA MWISHO

Basi msomaji, ukiambiwa kwamba safari fulani ya ndege ni saa kadha, uliza mambo manne kabla hujamhukumu msafiri. Je, ndege huruka moja kwa moja? Huruka siku gani na saa gani? Chombo cha pili kinakingoja cha kwanza, au huondoka kabla yake? Na kutoka nyumbani mpaka kiwanjani, na kiwanjani mpaka nyumbani, ni muda gani? Ukipata majibu ya manne haya, kugawa maili kwa mwendo ni kazi ya dakika moja.

Likizo ya katikati ya muhula nilikwenda Wete na karatasi zangu. Niliketi barazani na mzee yule aliyesema maneno siku ya hitma, ambaye kwangu ni babu, nikamsomea saa za mjomba moja moja, kama nilivyokusomeeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza maili 68 za Unguja nilizipataje, kwa kuwa yeye katika ujana wake alikwenda Unguja kwa jahazi mara nyingi, nami nikamwonyesha. Kisha alinyamaza kwa muda, akaniambia nimpatie namba ya simu ya mjomba.

MASWALI KWA WASOMAJI

Tumia njia ya hatua nne. Viwanja ni Bukoba (1°20′ Kusini, 31°49′ Mashariki) na Mtwara (10°20′ Kusini, 40°11′ Mashariki).

1. Pemba mpaka Bukoba ni maili ngapi za baharini, na kilometa ngapi?
2. Pemba mpaka Mtwara ni maili ngapi? Kwa nini safari hii karibu haihitaji kosaini?
3. Jua huzama Bukoba dakika ngapi baada ya kuzama Pemba, siku ambazo usiku na mchana ni sawa?
4. Mwulize mtu wa nyumbani kwenu aliyesafiri kwa ndege saa zake zote, tangu mlango wa kuondokea mpaka wa kufikia. Gawa umbali kwa saa hizo, umwonyeshe mwendo wake.

Majibu: (1) Maili 534, kilometa 988. (2) Maili 306. Kwa sababu karibu safari yote ni ya kusini, na longitudo hubadilika dakika 22 tu. (3) Dakika 32. (4) Jibu hili unalo wewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Dakhalia ya Wavulana